Siku Niliyomtahini Mwalimu Kengele

Jamani, mmeshawahi kuwa bosi wa mtu aliyewahi kuwafuta kamasi?

Mimi yamenikuta. Tena ndani ya gari, na gari lenyewe limepanda juu ya maua ya meneja wangu wa kazini!

Ngoja nianze mwanzo. Kazi yangu ni kutahini watu wanaotaka leseni ya udereva. Wananiita Mama Rudia, kwa sababu wengi wanaopita kwangu hurudia. Sina masihara kazini, na upande ninaokaa kuna breki yangu mwenyewe.

Asubuhi hiyo nikaita jina la kwanza kwenye orodha bila hata kuinua uso.

"Nipo!"

Sauti ile! Nikajikuta nimesimama wima, mikono mgongoni, kabla akili haijajua mwili unafanya nini.

Alikuwa Mwalimu Kengele, wa darasa la pili. Tulimpa jina hilo kwa sababu akiita kwetu, darasa la saba wanaitika. Ndiye aliyenifundisha kusoma, wakati wenzangu wote wameshajua na mimi bado naziona herufi kama sisimizi. Alibaki na mimi kila mchana, miezi mitatu, tukigawana chai yake. Nilimpenda mpaka mama yangu akaona wivu.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Wewe nani vile?"

Hakunikumbuka. Iliniuma kidogo, lakini nikampeleka kwenye gari meno yote nje.

"Mwanangu, leo nipate," akasema huku anafunga mkanda. "Dada yangu miguu haimbebi tena. Nimemwahidi nitamtembeza mwenyewe."

Moyoni nikasema, huyu anapata hata akiendesha amefumba macho.

Tukaondoka. Barabara kuu, safi. Kona, safi. Nikimwambia akate kushoto ananijibu, "Sema tafadhali," na mimi nasema tafadhali!

Balaa lilikuja kwenye kurudi nyuma. Alikuwa ananieleza jinsi watoto wa siku hizi wasivyojua kushika penseli. Gari linarudi, kioo hatazami, na nyuma yetu kuna bustani ya meneja.

Mtahini mwenye akili zake hapo anakanyaga breki. Mimi je?

Nilinyoosha mkono.

Haki ya Mungu! Darasani kwake ulikuwa huongei bila kunyoosha mkono, basi mkono ukapanda wenyewe.

"Subiri, namaliza," akasema mwalimu.

Pwaa! Tukawa juu ya maua.

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kisha kicheko kikaisha, nikaitazama fomu. Aliyetuona ni mtunza bustani tu, na huyo ni mtu wangu. Ningeweza kuandika amefaulu, na nilitaka kweli. Lakini nikamfikiria yeye na dada yake, wanarudi nyuma kwenye mtaa wenye watoto.

"Mwalimu," nikasema, "umefeli."

Nikajua nimeshampoteza.

Akanishika mashavu yote mawili. "Wewe nilikufundisha, siyo?"

"Ndiyo, mwalimu. Darasa la pili."

"Nilijua uliponyoosha mkono. Basi wewe ni wa tatu! Nimetahiniwa vituo vitatu, na kote nimekuta wanafunzi wangu. Wote wamenionea huruma, na wote wamenifelisha!" Akacheka upya, mabega yanaruka. "Hakuna hata mmoja aliyenipendelea! Kumbe ile miaka arobaini sikuipoteza."

Akashuka, akawatangazia watu wote waliokuwa kwenye foleni: "Huyu amenifelisha! Nimemfundisha mimi!"

Watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Mimi nikalia kama mtoto, kwa furaha.

Jumamosi nampeleka uwanjani akajifunze kurudi nyuma, halafu mtihani atapewa na mtu mwingine. Dada yake anakuja pia, ameshasema atakaa kiti cha nyuma atukosoe wote wawili.

Ndugu zangu, ukimpenda mtu, mpe matokeo yake halisi. Kisha usimwache arudie peke yake.