Niambieni Mazuri Tu

Pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mwalimu, na usidhani ilikuwa heshima. Ilikuwa kejeli. Kwao alikuwa amefundisha darasa la sita miaka kumi na mmoja. Huku ugenini vyeti vyake vilitazamwa, vikageuzwageuzwa, akarudishiwa. Haya, shika shuka! Miaka saba alikunja shuka za wagonjwa, mikono inanuka dawa ya madoa, na hata aliyeanza kazi wiki mbili zilizopita akimtuma kama mtoto.

Shuka za wodi ya wagonjwa wa akili ndizo zilizomchokonoa. Zilikuja nzima, hazina mikwaruzo ya kamba. Siku moja akamuuliza muuguzi aliyezileta, "Dada, hawa wa kwenu hamuwafungi?"

Muuguzi akacheka mpaka akashika mlango. "Tufunge watu? Wanameza dawa, tunakaa nao, tunaongea nao. Kwani wewe ulikuwa unafunga nani?"

Mwalimu akavuta shuka nyingine, akaikunja. Kwao mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alipoanza kugombana na sauti ambazo hakuna mwingine aliyezisikia, familia ilimfunga kwenye stoo. Fundo la kwanza alilifunga yeye, dada mkubwa, kwa sababu ni yeye peke yake ambaye Kitinda hakumpiga. Alitulia akanyoosha mikono mwenyewe. Dada akamwambia, "Vumilia kidogo, narudi." Kisha akasafiri. Miaka saba ya narudi, jamani!

Basi akaapa atasomea unasihi wa afya ya akili, apate leseni, akamfungue mdogo wake kwa mikono yake. Wenzake wakaangua kicheko. "Mwalimu anataka kutibu vichaa! Aanze na sisi!" Akawaacha wacheke. Alisoma saa ya chakula, amekalia bunda la mataulo, mashine zikinguruma, lugha ya watu ikimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka wa kwanza nusura aache. Mama alimwambia kwenye simu kwamba Kitinda amegoma kula na mikono imevimba. Alilia wiki nzima, akafeli somo. Ndipo akafanya kosa ambalo mimi siwezi kumsamehe, ingawa ningekuwa yeye ningelifanya vilevile. Alimpigia mama yake akamwambia, "Mpaka nimalize, mama, niambieni mazuri tu. Mabaya yawekeni hadi nirudi."

"Sawa, mwanangu," mama akasema, na mama yule hakuwa mtu wa kuvunja ahadi.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili habari zilikuwa njema tupu. Kitinda hajambo? Hajambo. Nimsalimie? Amelala. Jumapili nyingine amekwenda kunyoa, nyingine anaoga. Miaka miwili mtu anaoga! Na huyu Mwalimu ndiye aliyesifiwa darasani kwa kusikia hata lile ambalo mgonjwa hakulisema. Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea. Au alisikia, akajiziba masikio? Hilo aulizwe mwenyewe.

Mkufunzi wao alikuwa mzee mpole mwenye neno moja alilolirudia kila wiki: mtu akinyamaza, mwache. Usimjazie. Kimya kikimwelemea atalitoa lililomleta. Kanuni hiyo Mwalimu aliishika kuliko wenzake wote.

Leseni ilitoka siku ya Jumatano. Akapewa chumba chenye viti viwili, saa ukutani na jina lake mlangoni. Hata hakukaa. Alipiga simu nyumbani palepale amesimama, na wa nyumbani, waliozoea Jumapili, hawakuwa wamejiandaa.

"Mama, nimepata! Mwezi ujao nakuja kumchukua Kitinda. Mpe simu nimwambie mwenyewe."

"Hongera, mwanangu. Hongera sana. Yeye... ametoka kidogo."

"Nitasubiri."

Mama akanyamaza. Naye, kwa mazoea ya kazi, hakumjazia. Alisimama akitazama mshale wa saa ukizunguka, na kanuni ya mkufunzi ikafanya kazi, lo, ikafanya kazi barabara.

"Tulimzika," mama akasema. "Mwaka wako wa pili wa masomo. Ilikuwa homa, siku nne tu. Ulisema tukuambie mazuri."

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tusemavyo. Lakini hapa nani alificha, na nani alimwagiza afiche? Mwalimu alibakiwa na swali moja.

"Alikuwa amefunguliwa?"

Simu ikawa kimya tena. Angevumilia kidogo tu, mama angesema, kama alivyosema mara ya kwanza. Hakuweza. Leseni iko mkononi, hata fremu haijapata, na kanuni aliyoijua kuliko wote akaivunja.

"Basi, mama. Basi. Usiseme."

Mama akavuta pumzi. "Lakini wewe mwenyewe hujambo huko?"

"Sijambo, mama," akasema. "Kazi ni nzuri."