Nyuzi nyeusi za nailoni kwenye gitaa langu la besi: kutu ya Bagamoyo ilivyotaka kunitoa kwenye taarab

Wakuu, hamjambo? Shikamoo zenu nimezipokea zote, maana sidhani kama humu yupo wa kunizidi umri. Marahaba.

Juzi kuna kijana aliuliza kama afunge nyuzi za nailoni kwenye gitaa lake la besi. Mkamcheka. Mmoja wenu akamwambia hizo ni kamba za kuanikia nguo.

Sasa tulieni bibi yenu niseme. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa msichana wa Mji Mkongwe, Bagamoyo. Mimi na mama tulishona kofia za mkono, zile nyeupe za vitobo vidogovidogo. Baba alishatangulia mbele ya haki. Kofia ndizo zilizotulisha.

Na nilikuwa napiga besi.

Naam, mwanamke. Msinitolee macho, ngoja niwaeleze. Kwetu shughuli ya wanawake kwenye harusi mwanamume haingii. Watu wamejipamba, wamefungua nywele, wanacheza watakavyo, nani atawaletea wapiga gitaa wenye ndevu? Ndiyo maana jirani yetu Bi Rukia alianzisha kikundi cha taarab cha wanawake watupu. Yeye alipiga kinanda. Mjomba wangu, aliyewahi kupiga dansi Dar, alinifundisha besi, na alipohamia Ubena kulima akaniachia gitaa lake pamoja na amplifaya ya kutumia betri ya gari.

Mama alikubali shingo upande.

Tatizo likawa nyuzi. Zilikuwa za chuma, kuukuu, na hewa ya bahari mnaijua. Unazifuta leo, kesho zimeota kutu. Nikitoka mazoezini vidole ni kahawia tupu. Nanawa kwa sabuni, nasugua kwa jivu, naona vimetakata, nakaa mkekani kushona.

Siku moja mama akainua kofia akaitazama mwangani. Ilikuwa ya bwana harusi, wa familia inayojua kofia kuliko sisi tunaozishona. Kisha akanigeuzia upande mmoja.

Alama tatu za kahawia. Vidole vyangu vitatu, vimejipanga.

Jamani! Tukapaka ndimu na chumvi, tukaianika juani. Kutu ikapauka ikawa manjano, lakini kutoka haikutoka. Ikabidi mama atoe kitambaa cha upande ule aushone upya, na macho yake yalishaanza kumsumbua. Nilitaka kumsaidia, akausogeza mkono wangu pembeni.

Alipomaliza akaniambia, "Shughuli ya harusi hii mnapiga nyinyi, na mimi nimealikwa. Mkipumzika nitakukagua mikono. Nikikuta kutu, hilo dude linarudi Ubena kwa mjomba wako, nawe unarudi mkekani moja kwa moja."

Mama yangu hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Nikawa sili vizuri, silali vizuri. Kuacha kofia siwezi, tutakula nini? Na kuacha besi, sijui niwaelezeje nyie vijana. Mtu aliyekaa mkekani tangu utotoni, ameinamisha shingo, halafu siku moja anapiga uzi mmoja na chumba kizima cha watu wazima kinayumba naye. Unamwambiaje huyo arudi alikotoka?

Nikaenda kwa Bi Rukia, nikamwamkia, nikamweleza huku nalia.

"Futa machozi, mwanangu," akasema. "Panda basi nenda Dar ukatafute nyuzi nyingine. Lakini angalia usije ukaniletea mdundo bubu."

Hilo neno bubu likanikaa kichwani njia nzima, na njia yenyewe ya vumbi na mashimo.

Dar nikaingia duka la Mhindi mmoja aliyeuza redio na vyombo vya muziki. Akaniwekea pakiti mbili mezani. Moja nyuzi za chuma, mpya, zinang'aa. Nyingine nyeusi ti, zimezungushiwa utepe wa nailoni, laini kama zimepakwa mafuta. Nikazipitisha vidoleni. Hazikwaruzi, hazina cha kushika kutu kwa nje.

Fedha yangu ilitosha pakiti moja tu.

Pembeni alisimama kaka mmoja mpiga dansi, suruali imepanuka chini inafagia sakafu. Akacheka. "Dada, nailoni haisikiki kwenye umeme. Gitaa la besi lina sumaku chini ya nyuzi, na sumaku haishiki plastiki. Utapiga mpaka ukome, kimya."

Alichosema kuhusu sumaku kilikuwa kweli, mjomba alishanieleza. Nikichukua za chuma, miezi miwili nimerudi kwenye kutu. Nikichukua nyeusi zikawa bubu, naaibika mbele ya harusi nzima.

Nilisimama pale mpaka Mhindi akaanza kurudisha pakiti kabatini.

Mshona kofia hatembei bila sumaku, wakuu. Sindano ikianguka mkekani utaitafutaje? Nikatoa kasumaku kangu kwenye pindo la kanga, nikamwomba yule bwana, "Tafadhali, nifungulie hizo nyeusi." Akaguna, akafungua. Nikakagusisha kwenye uzi mnene.

Kakanata. Ndani kulikuwa na chuma!

Nikamtazama kaka wa suruali. Akajidai anaangalia redio.

Msidhani hofu iliishia hapo. Nyuzi zile zilikuwa nene kuliko za mwanzo, haziingii kwenye vijifereji vya kile kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo ya gitaa. Nikavipanua kwa msasa uliokunjwa, kidogokidogo. Ukizidisha tu, uzi unalala chini na kupiga kelele, na mfupa mwingine Bagamoyo utaupata wapi?

Zikakaa. Mazoezini Bi Rukia akakunja uso. "Mbona linanong'ona?" Kweli, ule mlio mkali wa chuma haukuwepo. Sauti ilikuwa nzito, ya chinichini. Akanisikiliza, akasema tutaona hukohuko. Mimi nikasikia "tutaona" kama hukumu.

Siku ya shughuli, baada ya alasiri, ukumbi umejaa udi na kanga mpya. Mama kakaa mbele kabisa. Tukaanza. Kijasho kinanitoka mpaka viganjani, nami nawaza jambo moja tu: jasho na chuma. Je, kama utepe umeachia mahali sikuona? Je, kama weusi wenyewe unatoa rangi? Hilo sikulifikiria kabla! Nikawa naangalia vidole badala ya kumsikiliza Bi Rukia.

Wanawake walicheza. Walitunza. Mimi sikufurahia hata chembe.

Tulipopumzika mama akanyanyuka, akapita katikati ya watu mpaka niliposimama. Akatoa kipande cha kitambaa kile kile cheupe cha kushonea kofia. Alikuja nacho makusudi. Akashika mkono wangu mbele za watu, akafuta kidole kimoja kimoja, akikaza, kama anayemfuta mtoto mchanga. Bi Rukia aliacha kunywa maji.

Akakiinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

Cheupe.

Akakikunja taratibu, akakiweka kifuani. Halafu akanisogelea sikioni.

"Kwenye wimbo wa pili ulipotea mara mbili," akasema. "Pale mwimbaji anapopandisha sauti. Na ile juzi nyumbani ulikuwa unapapiga vizuri."

Wakuu, mama yangu aliyekuwa akiliita gitaa langu dude! Kumbe siku zote akishona alikuwa anasikiliza. Nikalia palepale na wanja wangu wote, na wimbo wa tatu nikaupiga sioni hata nyuzi.

Nilijifunza kwamba nyuzi huchaguliwi na mtu wa dukani. Angalia hewa ya unakoishi, na angalia mikono yako ina kazi gani nyingine.

Haya, uwanja ni wenu, nikosoeni kwa adabu. Ila yule kijana mliyemcheka ajitokeze kwanza. Aniambie yuko wapi, na mchana anafanya kazi gani kwa vidole vyake, ndipo nimjibu swali lake.