Siku Tulipowaona Mitume wa Mawe

Juzi nilirudi kwenye lile kanisa la hija, kule milimani, mwendo wa saa nne kwa basi kutoka kwetu Croydon, London. Siku hizi mlangoni wanauza kahawa. Niliomba wanipunguzie, wakatabasamu tu, nikalipa. Nilidhani nitahisi kitu. Kahawa ilikuwa ya moto, basi.

Mara ya kwanza nilikuwa darasa la nne. Akina mama Wakongo wa parokia yetu walikodi basi, nalo likanuka sombe, kile kisamvu chetu, na mawese tangu tunaondoka. Dereva akafungua dirisha. Jirani yetu akamwekea sahani, akalifunga. Njia nzima waliimba, isipokuwa mama. Alikuwa anakwenda kumwombea baba, aliyebaki nyuma siku tuliyokimbia vita, asisikike tena. Kila mwezi mama alitoa jina lake lisomwe misani pamoja na walio hai. "Baba yako amechelewa tu," alizoea kusema, kama vile mtu amekosa treni.

Mbele ya kanisa, ukutani, walipangwa mitume wa mawe, wa kale mno. Nikawahesabu: kumi na wawili. Nikahesabu vichwa: vitatu. Nikarudia. Vitatu.

Mzee mwenye funguo akatueleza kwamba zamani watu walikuja na nyundo, wakavivunja. Nikawatafsiria akina mama.

"Kumbe na huku walipita, kama kwetu," jirani akasema.

Mama akanigeukia. "Muulize, vichwa vilipatikana?"

Nikauliza. Mzee akasema walivitafuta miaka mingi, mwisho wakaacha.

"Na wakaendelea kusali hapahapa?"

"Ndiyo, mama," nikamtafsiria jibu la mzee.

Mama alimpangusa mtume mmoja kuvu begani, akaingia kuongea na padri. Kwenye misa nilingoja jina la baba. Walio hai wakasomwa, wakaisha, hayumo. Likaja kwenye orodha ya marehemu, padri akalitamka vibaya. Mama hakulia. Jirani alimshika mkono, mimi nikamshikia mkoba. Kisha tukala nje kwenye nyasi, na kuku alikuwa mtamu. Nalikumbuka hilo vizuri kuliko ninavyotaka.

Akina mama wale wametawanyika, wengine wamezikwa hukuhuku. Mabasi ya kukodi hakuna tena. Ila kilichoondoka kwanza ni zile mbio zetu: simu ya nyumbani ikilia, mimi na mama tulikuwa tunaikimbilia, huenda ni baba, tunagongana mlangoni. Jioni ile tuliporudi kutoka hija, ilikuwa inalia. Mama akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga, ndipo akaenda kuipokea.