Ridhaa ya Mtani wa Kwihara

Mama wa Kwihara alinifungia mlango siku ambayo nilikuwa na adabu kuliko siku zote za maisha yangu.

Nilikwenda kwake kwa ajili ya kanda za kaseti. Marehemu mumewe alikuwa na redio kaseti, na kila alipomkuta mzee ambaye babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alimkalisha, akabonyeza kitufe, akamwacha aseme: njia ilipita wapi, nani aliachwa porini na homa, wimbo gani uliwasahaulisha uzito wa mzigo. Wazee hao wamekwisha. Sauti zao zimebaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mjane huyo, na joto la Tabora halibembelezi kanda.

Kazi ya kuhamishia kaseti kwenye kompyuta nimejifundisha mwenyewe, kwa kutazama video na kwa kuharibu. (Niliyoiharibu ilikuwa taarabu ya shangazi. Bado anaitafuta.) Kwa kuwa sina cheti, naogopa kila kitu, na ninachokiogopa nakiandika upya mara nyingi. Hata hivyo shirika moja la nje lilikubali kugharamia vifaa, pamoja na kuziweka sauti hizo mahali ambapo wanakijiji wangezisikiliza bure. Sharti lilikuwa moja: kabla ya mwezi kuisha, mwenye kanda arekodiwe kwa video akisema kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Bila video, hakuna fedha.

Nikavaa shati jeupe, nikapanda bodaboda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtaja baba, mstaafu wa reli, wa Gongoni, nikamweleza habari ya kanda na ya video.

"Yule Mzaramo?" Macho yakamng'aa. "Kumbe siku hizi wezi wanakuja mchana! Babu zako waliwaibia babu zetu wakifika pwani, sasa umefuata na sauti zao? Sikupi ng'o!"

Najua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na kwamba utani huo ulizaliwa hukohuko kwenye misafara. Lakini kwangu utani ulikuwa mambo ya msibani, mtu kulala kaburini akidai apewe kuku ndipo atoke. Sikudhani ungethubutu kuingia kwenye shughuli yenye wafadhili.

"Samahani sana, mama," nikasema. "Sikukusudia kukukwaza. Una haki kamili ya kukataa."

Uso ukamzimika. "Nina nini?"

"Haki kamili."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni nilikuwa nawaandikia wafadhili kwamba jamii imekataa. Barua ingekuwa imeshaondoka kama nisingekuwa napapasa sentensi ya pili, kuona kama ina huzuni ya kutosha. Baba akaniuliza kulikoni, nikamsimulia.

"Alikuita mwizi, ukamwomba radhi?"

"Ndiyo, baba."

"Basi umemtukana wewe!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtani akikuchokoza ukamwomba radhi, umemwambia hakujui wala humjui. Mama wa watu kaja na undugu, wewe unampa haki! Rudi kesho. Na hilo shati liache, unafanana na karani wa sensa."

Asubuhi nilifanya mazoezi ya matusi mbele ya kioo. Niliyapanga kuanzia dogo hadi kubwa. Nilipofika mlangoni kwake yote yakanitoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Baridi tupu.

"Nimefuata mzigo wetu," nikasema. "Babu yako alibebeshwa mzigo wa babu yangu pwani, akafika hapa akaona michembe ya viazi, akakaa chini kula mpaka leo. Utalalia sanduku la watu mpaka lini, mpagazi mvivu wewe?"

Nikatazama njia ya kukimbilia.

"Heee!" Alijishika kiuno akacheka. "Kumbe kana mdomo! Jana nilidhani wameniletea maiti iliyovalishwa shati."

Akaliburuta sanduku mpaka uani, akalikalia. "Washa hiyo simu."

Alisema hivi, akiikazia macho kamera: "Kanda hizi ni za mume wangu. Huyu Mzaramo ni mvivu, mla nazi, hana shukrani. Nampa azisafishe, watu wazisikilize, watoto wa Kwihara kwanza. Akizipoteza, tutamtwika mzigo aupeleke pwani kwa miguu. Nimesema mwenyewe, sikulazimishwa."

Nikamwomba tuirudie bila matusi, ile ya kupeleka kwa wafadhili.

"Hiyo ndiyo ya kupeleka. Ukiyatoa matusi, na kanda zangu nirudishie."

Nikaituma nzima, nikaitafsiri neno kwa neno. Jibu lilikuja siku chache baadaye: ridhaa imepokelewa, fedha zitatumwa, ila wanasheria wao wana swali. Je, kifungu cha kutembea hadi pwani kinalihusu shirika pia?

Nikampigia mama, nikamsomea swali. Nilimsikia akipepeta kitu.

"Wao ni watani wetu?"

"Hapana, mama."

"Basi wasibebe mzigo. Waambie watabeba maji yako ya kunywa njiani."