Aliyefika Kabla ya Ndege

Mimi si mtu wa kuzusha mambo. Na hili halikunipata usiku. Lilinipata mchana, jua likiwaka, kwenye uwanja wa ndege wa hapa Baraka. Wakwe zangu walikuwapo. Waulize.

Mume wangu, Baba Riziki, utumbo ulimsokota. Daktari akasema apelekwe Bukavu haraka, apasuliwe. Kwa ndege ni nini? Haifiki hata saa moja. Tulimbeba hadi uwanjani. Ndege ilikuwapo, na viti vitupu niliviona kwa macho yangu. Tukaambiwa jina lake haliko, nafasi hakuna. Basi akapandishwa juu ya lori la mihogo, azunguke kwa njia ya Uvira. Karibu na Mboko mto ulikuwa umejaa. Wakalala hapo wakingoja maji yapungue. Shemeji aliyemsindikiza hapendi kusimulia jinsi mgonjwa alivyolia usiku ule. Walipofika Bukavu, daktari wa huko alimshika tumbo, akauliza, "Mulikuwa wapi?" Alikufa kabla ya kupasuliwa.

Na maiti, ndugu yangu, ikapata nafasi. Ndege ileile.

Siku ya kuipokea, wenzangu walikuwa wanalia karibu na kibanda cha uwanja. Nikajitenga kidogo, kando ya shamba la muhogo, nifunge vizuri kitenge changu. Nikamwona ameketi kwenye tuta, anakwangua tope la viatu kwa kijiti. Baba Riziki. Niamini. Mwanamke atashindwa kumtambua mume wake?

"Mama Riziki, maji iko?"

Nilikuwa na chupa mkononi. Mtu akiomba maji utamnyima? Akanywa yote.

"Umetoka wapi?" nikamuuliza.

"Bukavu. Nimekata juu ya milima, nikashukia Bibokoboko, hapo juu yetu. Kumbe si mbali, mama! Sasa kuzunguka kule Uvira ilikuwa ya nini?"

Hapo mlio wa ndege ukasikika. Akainua kichwa.

"Banaleta nani?"

Nikamwambia:

"Ni wewe."

Akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeibiwa mchana.

"Nilikuwa na pumzi, bakasema ndege imejaa." Akatupa kijiti, akasimama. "Basi twende unipokee."

Tulitembea bega kwa bega nikimweleza habari za mtoto, mpaka nikaona watu wamegeuka wananitazama. Nilipotazama ubavuni, hakuna mtu.

"Shemeji, unasema na nani?" ndugu wa mume wangu akauliza.

Nikawaeleza. Mama mkwe aliacha kulia palepale. Akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake.

Tangu siku ile naitwa mchawi. Mjane gani, wanasema, anaongea na marehemu kama si yeye aliyemla? Riziki wamemchukua, yuko kwao Lweba, na nikienda wanamficha. Ndege ikitua watu hutoka kutazama. Mimi hufunga mlango.

Wewe unayenisikiliza, ukienda kupokea maiti ya mtu wako usijitenge na wenzako. Ukimwona, usimwambie mtu. Lakini kama mgonjwa wako bado anapumua, lala mbele ya magurudumu ya ndege. Wakikufukuza kwa fimbo, usitoke. Piga kelele mpaka uitwe mwendawazimu.

Sisi tuliondoka kwa adabu.