Ukurasa wa ngapi? Riwaya tuliyoandaliwa kuijadili Form Three, na rafiki yangu aliyejichagulia kuwa baba

Wakuu, salaam. Walionizidi umri humu ndani shikamooni, ingawa nadhani mmebaki wachache.

Juzi kuna mwalimu kijana aliuliza awaandaeje wanafunzi wake kujadili riwaya kwa makundi. Mkamjaza ushauri wa notes na projekta. Mimi namjibu kwa kisa nilichokiona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Ni kirefu kidogo. Mwenye haraka akachemshe chai kwanza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, sekondari moja upande wa Marangu. Mwalimu wetu wa Kiswahili, nimwite Kasubi, alikuwa mtu wa Tabora. Baridi ya mlimani ilimtesa mpaka alikuwa anafundisha na koti la mvua.

Riwaya yenyewe ilimhusu mzee aliyemfukuza mwanawe kwa kumwaibisha kijijini. Miaka inapita, mtoto anarudi, anagonga mlango, baba hafungui. Kitabu kinaishia hapo.

Nakala zilikuwa chache, kundi zima kitabu kimoja. Na enzi zile za elimu ya kujitegemea, mchana wote ulikuwa wa shamba. Basi Kasubi akaamua maandalizi yafanyike kwenye kahawa ya shule. Kila kundi mstari wake. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine mnachuma, na mkifika mwisho wa sura mnabishana.

Sheria yake ilikuwa hivi: kila mmoja achukue mhusika mmoja, amsemee kwa "mimi", amtetee hata kama ni mtu wa hovyo. Na kila hoja uionyeshe kitabuni. Ukisema tu kwamba unadhani mama alikuwa na huruma, anakukata: "Ukurasa wa ngapi?"

Alitukera, sisemi uongo. Tulimwita Mzee Ukurasa.

Katika kundi letu hakuna aliyetaka kuwa yule baba. Aloyce, rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa dawati moja, akasema apewe yeye. Tukampa, ingawa wote tulijua habari zake.

Aloyce alikuwa ametoka seminari. Baba yake, mshika dini hasa, alishautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe atakuwa padri. Kijana akarudi nyumbani akasema hana wito. Mzee akamwambia asikanyage tena kihamba chake, yaani lile shamba la migomba na kahawa ambalo kwa Mchagga ndilo nyumbani kwenyewe. Mama alilia, haikusaidia.

Aloyce akahamia kwa mjomba wake, jirani tu. Jumapili baba na mtoto wanasali kanisa moja na hawasalimiani. Mimi nilikuwa naona na roho inaniuma.

Lakini jamaa ile nafasi aliifanyia kazi. Alisoma kurasa za yule baba mpaka akazijua kwa kichwa. Siku moja tunachuma, akaniambia taratibu, "Huyu mzee hana hasira. Ana aibu. Hajui atafunguaje mlango watu wakimwona."

Kasubi alipopita kutukagua akauliza ni kitu gani kingemfanya yule baba afungue. Aloyce akajibu papo hapo kwamba hakuletewa isale.

Mwalimu hakujua isale ni nini. Tukamweleza, kila mtu akidakia. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu ukamwendea na isale, hata awe amekasirika vipi, hawezi kukunyima msamaha. Akikunyima, balaa linamrudia yeye.

Kasubi alifurahi kama mtoto. Kisha akauliza, "Ukurasa wa ngapi?" Tukacheka sana. Kitabuni haimo, aliyeandika hakuwa mtu wa huku.

Tulipobaki wawili Aloyce akanipa mpango wake. Mjadala ulikuwa Ijumaa. Jumamosi yake angekwenda kwa baba na isale, mjomba akimsindikiza.

"Nikishamsemea huyu mzee mbele ya darasa," akaniambia, "nitajua la kumwambia baba."

Nikaona ana akili. Hata leo ningeona hivyo hivyo.

Ijumaa mjadala haukuwepo. Asubuhi tulipakiwa kwenye lori hadi Bomang'ombe kujipanga barabarani, kuna kiongozi anapita kwenda Arusha. Tuliimba mpaka sauti zikakauka, vumbi hadi kwenye kope. Kiongozi hakupita. Mnaosema zamani kulikuwa na nidhamu, nidhamu yenyewe ndiyo hiyo.

Mjadala ukasogezwa wiki moja. Aloyce naye akaisogeza safari yake.

Katikati ya wiki ile baba yake aliamka mzima, akaenda kuelekeza maji ya mfereji kwenye migomba. Mama alipoona uji unapoa akamfuata. Alimkuta ameketi, ameegemea mgomba, jembe liko mapajani, ameshakata roho.

Tulikwenda kuzika, kundi letu lote na Kasubi. Aloyce alikanyaga kihamba cha baba yake kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe. Mkononi alikuwa na kitawi cha isale. Akasimama nacho kaburini, hajui akiweke wapi, mpaka mjomba wake akamshika bega.

"Mpandie, mwanangu. Kupokea hawezi tena."

Akapiga magoti, akachimba udongo kwa vidole. Nililia, na sikujificha.

Mjadala ulifanyika baada ya msiba. Kasubi alitaka mtu mwingine achukue nafasi ya baba, Aloyce akakataa. Zamu yake ilipofika akasimama.

"Mimi nilimfukuza kwa sababu ya aibu," akasema, akataja ukurasa. Akaendelea vizuri tu, hoja na kurasa zake. Mwishoni akafunga kitabu.

"Lakini kila Jumamosi nilikuwa natazama njia. Angekuja, ningefungua."

Hayo hayamo kitabuni, na darasa zima lilijua. Tukamgeukia Kasubi. Alikuwa ameangalia dirishani, anatafuta leso kwenye lile koti la mvua. Hakuuliza kitu.

Wakuu, mimi na Aloyce tulizeeka pamoja. Alioa, akasomesha watoto, akacheka kama watu wengine. Ila kila tulipokaa na mbege, pombe yetu ya ndizi, lazima ifike mahali aniulize kama nadhani mzee angefungua. Namwambia angefungua, isale haikataliwi. Anatabasamu, anaweka kata chini, ananitazama.

"Ukurasa wa ngapi?"

Mwaka jana tulimzika kwenye kihamba kile kile, karibu na isale aliyoipanda. Siku hizi imekuwa kichaka.

Mwalimu kijana, wape wanafunzi wako wahusika, na wadai kurasa bila huruma. Watasoma mpaka ushangae. Lakini aliye na mlango wa kugonga aende leo. Asingoje mpaka ajue la kusema, maana isale itamsemea.

Mliochelewa, na ninyi mliowahi, semeni hapo chini. Sitamuuliza mtu ukurasa.