Mkeka wa Kriketi Uliokwenda Ngomani

Watu wakisikia nacheza kriketi huniuliza kama ni ule mchezo wa Wahindi. Nawajibu ni mchezo wa udongo. Hawanielewi, na sina muda wa kumweleza kila mtu, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Kuna mrushaji na kuna mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji vimesimama vijiti vitatu: mpira ukiving'oa, au akiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, ametoka. Mpira ukitoka mkononi mwa mrushaji unadunda chini kwanza, ndipo unamfikia mpigaji. Pale unapodunda tunapaita pichi, na kesi yote iko pale. Pichi ikishindiliwa ikawa kama sakafu ya benki, mpira unakuja umenyooka na mpigaji anaupeleka anakotaka. Ikiwa na vumbi na nyufa, mpira unadunda na kukata kona, mpigaji anabaki anachapa hewa. Kwa hiyo anayeandaa pichi anaweza kuamua nani ataonekana hodari kabla watu hawajafunga kamba za viatu. Kwetu Morogoro anayeandaa ni kocha. Na kocha ni mpigaji.

Mimi ni mrushaji. Narusha mpira wa polepole, wa kuzungusha kwa vidole. Timu iliyokuwa ikienda mashindano ya taifa ilihitaji mrushaji mmoja tu wa aina yangu, na kabla sijajifungua nafasi hiyo hakuna aliyeigusa. Nikaenda kuzaa. Kurudi, nikamkuta binti wa Kihonda, mdogo kwangu, hana mtoto, vidole virefu kama vijiko vya mboga. Kocha naye akawa ameacha kuniita kwa jina langu. Nilikuwa "mzazi".

"Mzazi, wewe mwagilia pichi. Kukimbia bado."

Nikamwagilia, mtoto mgongoni, kocha na rola lake la kushindilia udongo wakipita nyuma yangu. Nyasi alishazikwangua zote, kwa sababu juu ya udongo huwa tunatandika mkeka mzito wa katani na kuupigilia vigingi. Mkeka nao una siasa zake. Ukivutwa ukakaza kama ngozi ya ngoma, mpigaji anafurahi. Ukilegezwa kidogo, mpira unaung'ata na kugeuka, nafurahi mimi.

"Kocha," nikamwambia, "ukiendelea hivyo tutarushia kwenye lami."

"Wateuzi wanatoka Dar kuja kuona wapigaji wakifunga rani, mzazi. Hakuna mtu anapanda basi kuja kutazama mpira umegota."

"Na warushaji watachaguliwa kwa nini? Kwa sura?"

"Kwa adabu," akasema, akasukuma rola.

Jumamosi ya mchujo tukafika uwanjani, mkeka haupo. Kocha akatazama milima ya Uluguru kana kwamba haijawahi kuwepo pale. Ikabidi aseme. Mama mkwe wake wa Matombo alikuwa anamtoa mwali, wageni wengi, mikeka haitoshi. Akaomba. Mkwe akiomba, unampa. Kocha akampa mkeka wa timu.

Tukamwambia apige simu. Akapiga, amesimama wima kama anaimba wimbo wa taifa.

"Shikamoo mama. Hamjambo huko? Mwali hajambo? Na shangazi? Mvua? Ahaa. Mama, samahani, ule mkeka wetu…"

Sauti ya mama ilisikika mpaka kwetu: "Lile zulia la kuwasha? Wageni bado wamelikalia, baba. Niwainue?"

"Hapana mama. Wakae tu."

Ndivyo tulivyocheza juu ya udongo mtupu. Tukagawanywa makundi mawili, mimi kundi moja, binti wa Kihonda la pili. Kundi langu likaanza kurusha, asubuhi, juu ya kazi ya rola. Nilizungusha vidole mpaka vikauma. Mpira ulidunda ukaendelea na safari yake, umenyooka kama mtoto wa seminari. Walinipiga mpaka kwenye shamba la migomba la jirani, tukasimama kusubiri mwenye shamba aurudishe mpira. Akaurudisha na maneno.

Mchana jua likashuka juu ya udongo ule usio na mzizi hata mmoja wa kuushika. Ukakauka, ukapasuka. Viatu vikauchimba. Kundi la pili likaingia kurusha, na binti wa Kihonda akaanza kuvuna. Mpira wake uligonga nyufa, huu ukaruka shingoni, huu ukatambaa chini kama nyoka. Wenzangu walitoka mmoja mmoja wakitazama magongo yao, kana kwamba yana matobo. Mteuzi mkuu, mama mmoja mwenye kofia pana, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilimwachia mtunza alama mtoto wangu, nikamwendea yule mama.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyepigwa asubuhi."

"Marahaba. Nilikuona."

"Hukuniona. Uliona rola. Na huyu hujamwona pia, umeona nyufa. Nipe mpira sasa hivi."

Kocha akaja mbio. "Mama, msamehe. Huyu ni mzazi, ana hasira za kunyonyesha."

"Hasira ni zangu," nikamwambia, "maziwa yasikuhusu."

Mama alinipa mpira. Nikarusha mmoja. Ukadunda kwenye ufa, ukageuka upande ambao sikuutuma, ukang'oa vijiti. Wenzangu wakapiga makofi. Mama hakupiga.

"Huo ulikuwa wako?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. "Ulikuwa wa ufa," nikasema.

"Basi leo sijui lolote kuhusu nyote wawili. Kesho mkeka uwepo. Mtarusha pamoja, wakati mmoja, pahali pamoja."

Mkeka uliteremka kutoka Matombo Jumapili, juu ya mikungu ya ndizi, una harufu ya pilau. Tukautandika baada ya watu kutoka kanisani. Kocha akashika upande mmoja, mimi nikawahi mwingine. Akivuta, nalegeza. Nikilegeza, anavuta.

"Kaza, mzazi!"

"Nimekaza."

"Hujakaza, naona mawimbi!"

"Hayo ni macho, kocha."

Mama mwenye kofia akapanda juu ya mkeka, akatembea huku na huku, akadundisha mpira mahali kadhaa. "Pigilieni hapo hapo," akasema. Mkazo ule haukuwa wa kocha wala wangu. Sijapata kuona pichi ya haki kiasi kile, na ilipatikana kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa akiitafuta.

Kocha akashika gongo mwenyewe. Nilirusha vizuri. Siyo kujisifu, mpira uligeuka, akakosa, akabahatisha, akanipiga mara moja ya uhakika, kisha akainua mmoja juu ukadakwa. Nikajua nimefanya kazi.

Binti wa Kihonda akarusha. Mpira wake ulielea kidogo zaidi ya wangu hewani. Kocha akapiga hatua mbele kuufuata, ukashuka mapema, ukaung'ata mkeka, ukapita kati ya gongo na mguu. Vijiti chini. Alirudia mpira uleule, na kocha, akiwa ameshaujua, akatoka vilevile.

Mama mwenye kofia akamnyooshea kidole binti. Kwangu akasema, "Asante kwa jana." Akapanda gari.

Nilisimama pale natafuta wa kumlaumu. Rola lilikuwa limeegeshwa ukutani. Vigingi vya upande wangu nilipigilia mwenyewe.

Binti akaja taratibu. "Dada, umenuna?"

"Nimenuna."

"Umeninunia mimi?"

"Bado natafuta."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba kabla ya kurusha ule wa kuelea anashusha bega la kushoto, na kwamba wapigaji wa Dar si kama kocha wetu, wataliona siku ya kwanza. Nikamsimamisha, nikamshika bega, akarusha mpaka likatulia. Kisha nikachukua mtoto wangu, amelowa, nikaondoka bila kuaga mtu.